Hapa Hakuna Rukia

Jamaa zangu wa kibanda cha baiskeli, tangu nirudi mmenikalisha mara nne kwenye lile sanduku la vipuri mkitaka niwasimulie, na mara zote nne nimeishia kusema, "Ilikuwa mbali." Mnanijua. Maneno hunijia watu wakishaondoka. Basi nimenunua daftari, nimeandika kidogo kidogo kila jioni, na sasa mmoja wenu awasomee wengine. Mkiona makosa chekeni, lakini msome mpaka mwisho, maana mwisho wenyewe umetokea juzi tu na moyo wangu bado unaruka.

Namuwongo, kwenye tangi la maji

Dada yangu Rukia aliolewa miaka mitatu iliyopita na mkulima wa pamba kutoka chini ya milima ya Rwenzori. Shemeji alisilimu hapa hapa Namuwongo, akaitwa Swaleh, na baba akasema jina la zamani lisitajwe tena nyumbani. Mimi hata sikulishika. Wakaondoka na magodoro mawili na kuku mmoja.

Baba, kama mnavyojua, ni mnyapara wa genge la reli, kwa hiyo kwetu hatutumii posta. Tunatumia gadi wa treni, Bwana Onyango, anayekaa behewa la mwisho. Treni ikipunguza mwendo pale kwenye tangi la maji, yeye hutoa kichwa na kupiga kelele ujumbe alioukusanya kwenye vituo vya njiani. Njia hiyo ni ya haraka, ila ujumbe mwingine hupotea nyumba. Siku moja alipita akapiga kelele, "Mnyapara! Adyeri na mtoto ni wazima, wako misheni!" Baba akamjibu, "Misheni? Sisi watu wa msikiti! Jaribu nyumba nyingine!" Tukacheka, na Onyango akacheka, treni ikapita.

Siku tatu baadaye dereva mmoja wa lori la pamba akatuletea habari nyingine. Waasi walioko mlimani walikuwa wameshuka alfajiri, wamechoma vijiji vitatu, na kimoja ni kile cha Rukia. Waliosalia hakuna aliyejua wako wapi.

Mama hakulia. Alikunja nguo zangu, akafunga sukari ya kilo moja ndani ya shuka, sukari ambayo sijui aliitoa wapi wakati Kampala nzima watu wanakunywa chai na chumvi. Baba asingeweza kuacha genge, kwa hiyo alinivisha koti lake la kaki la vifungo vya shaba. Mama akasema, "Yasini, usirudi bila dada yako."

Niseme kweli? Nilikuwa na hofu, lakini chini ya hofu kulikuwa na furaha niliyoionea aibu. Nilikuwa nimezaliwa ubavuni mwa reli na sijawahi kupanda treni. Kwangu dunia iliishia Ntinda upande mmoja na Kalerwe upande mwingine.

Stesheni, saa nane mpaka saa kumi na moja

Treni ilikuwa iondoke saa nane mchana. Saa nane wakaja wanajeshi wakasema wanataka behewa moja. Saa tisa wakasema hawalitaki. Saa kumi wakalitaka lingine, na lilikuwa katikati, kwa hiyo ikabidi treni nzima ikatwe na kuungwa upya. Watu walikaa kimya kabisa. Siku hizi mtu halalamiki stesheni.

Niliketi karibu na mama mmoja mnene, mchuuzi wa maharage wa Kalerwe, mwenye vikapu sita. Aliniangalia muda mrefu, kisha akafungua jani la ndizi ambalo bado lilitoa moshi.

"Kula, mutoto. Safali ni ndefu."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Tumbo lako linaongea kuliko wewe."

Nikala. Matoke na mchuzi wa karanga, na samaki wa kukaushwa ndani yake. Jamani, sijapata kula kitu kama kile. Nikamuuliza jina lake ili nimshukuru vizuri.

"Nalongo."

"Hilo ndilo jina lako?"

Akacheka mpaka vikapu vikatikisika. "Nalongo ni mama wa mapacha! Jina langu hata mume wangu amelisahau. Ukienda Kalerwe ukauliza Margaret, watakuambia amekufa au hajazaliwa."

Na mimi nilicheka. Laiti ningeyaweka maneno yale mfukoni, ningejiokolea usiku mzima wa uchungu.

Ndani ya treni

Treni ilipoanza kuvuta nilishika dirisha kwa mikono miwili kama mtoto. Tulipita migongoni mwa nyumba za watu, ambako hakuna anayefagia. Nikaona nguo zilizoanikwa, na mzee anayeoga ndani ya karai akatupungia sabuni, kisha mashamba ya chai, kisha mafunjo mpaka jicho linapoishia. Kila kituo kilikuwa na chakula chake: pale ndizi za gonja za kuchoma, pale mihogo, pale vidonge vya simsim, yaani ufuta. Nalongo alininunulia vyote na kunitukana kila nilipokataa.

Asubuhi wakapanda wanajeshi watatu kukagua. Mmoja, kijana kama mimi, akagusa fundo langu kwa buti.

"Hii nini?"

Akafungua mwenyewe, akaona sukari.

"Sukari! We nauza magendo?"

Nilitaka kusema ni ya dada yangu, lakini hakuna kilichotoka. Akanishika kola. Ndipo Nalongo akasema bila kuinuka, "Afande, huyo bubu. Sukari ya mgonjwa. Chukua kikombe kimoja, ubakishie mgonjwa."

Yule mwanajeshi akanitazama, akamtazama Nalongo, akatoa kikombe chake cha bati, akachota, akaenda. Nilikuwa bubu mpaka Kasese. Hata mkagua tiketi alinisemesha kwa vidole.

Nalongo alishuka kituo cha kabla ya mwisho. Aliniambia, "Wewe ukimpata dada yako, msalimie. Na ujifunze kupiga kelele kidogo. Kelele si tusi."

Lori la pamba mpaka darajani

Nilipotoka stesheni ya Kasese niliinua macho nikaona juu ya mawingu kuna kitu cheupe. Nikadhani mtu amepaka mlima chokaa. Dereva wa lori la pamba aliyekubali kunibeba alicheka karibu atumbukie mtaroni. "Hiyo barafu! Kijana wa Kampala, hujaona barafu?" Sikuamini. Nilikaa juu ya magunia matupu, upepo usoni, nikiutazama mlima ule mpaka shingo ikauma. Nilijua ndiko waasi waliko, lakini sikuweza kuacha kuutazama.

Kwenye daraja la mbao dereva akazima injini. "Mwisho hapa."

"Lakini kijiji kiko mbele."

"Kilikuwa mbele. Mimi nina watoto watano. Shuka."

Nikashuka. Akageuza lori akaniacha na vumbi.

Kwa miguu, mpaka kijijini

Nilitembea kama saa mbili kati ya mashamba ya pamba. Pamba ilikuwa imepasuka, nyeupe tele, na hakuna anayeichuma. Kisha nikasikia harufu ya moshi uliolowa mvua. Nyumba zilikuwa kuta tu. Kwenye kizingiti kimoja palikuwa na chungu kizima kabisa, kimejaa maji, kana kwamba mtu amekwenda jirani mara moja.

Nikaona wanawake wawili wakichimbua mihogo. Nikafurahi, nikakazana kwenda kwao. Mmoja akainua kichwa, akapiga yowe, na wote wawili wakatumbukia kwenye mafunjo wakaacha jembe. Nikasimama. Nikageuka nyuma kuona wanachokikimbia. Hakukuwa na kitu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mimi. Lile koti, ambalo Kampala watu huliachia njia, kule lilikuwa kitu kingine. Nikalivua, nikalikunja ndani nje, nikalikalia, nikasubiri. Jua likasogea. Mwishowe akatoka mzee mmoja mwenye mkono uliofungwa kitambaa, akasimama mbali.

"Wewe wa juu au wa chini?"

"Mimi wa Kampala, mzee. Baba yangu ni wa reli."

"Wa juu walikuja na makoti ya kaki waliyopora. Wakatuuliza kwa nini tunalipa kodi kwa watu wa chini. Wakamwua mkuu wa kijiji mbele ya wanawe, wakachukua mbuzi, wakachukua wanaume wanane wenye nguvu wawabebee mizigo mpaka mlimani. Wakachoma. Baada ya siku mbili wakaja wa chini, wanajeshi wa serikali, nao na makoti ya kaki. Wakatuuliza kwa nini tumewalisha watu wa juu. Huu mkono ni wa hao wa pili."

Nikasema lililonijia kwanza. "Namtafuta dada yangu. Anaitwa Rukia. Mume wake Swaleh."

Uso wake ukafungwa kama mlango.

"Hapa hakuna Rukia."

"Labda zamani alikuwepo?"

"Hakuna Rukia, hakuna Swaleh. Kijana, kila aliyekuja hapa alikuja akiuliza watu kwa majina. Nenda."

Nikaenda. Nilitembea nikilia, siwafichi.

Njia ya misheni

Mbele kidogo nikamkuta mtu ameinamia baiskeli, mikono myeusi ya mafuta, akiisema baiskeli hiyo kwa maneno ambayo baadaye nilishangaa kujua kwamba yametamkwa na katekista, mwalimu wa dini wa misheni. Mnyororo ulikuwa umekatika. Ninyi mnajua: mbele ya mnyororo uliokatika mimi si mtu wa haya tena. Nikatafuta mawe mawili na msumari, nikang'oa pini, nikaunga, nikapunguza jicho moja la mnyororo. Alipanda, akazunguka duara barabarani, akapiga kengele kwa furaha.

"Mungu amekuleta! Nini nikufanyie?"

Nikamwambia. Akatoa daftari alimoandika watu wote waliokimbilia misheni, watu wa kabila la Watoro na watu wa mlimani pia, maana waasi waliwachoma na wenzao wasiowapa chakula. Akapitisha kidole toka juu mpaka chini, ukurasa baada ya ukurasa, polepole, kwa huruma.

"Rukia hayumo. Swaleh hayumo. Pole sana, mwanangu."

Akanipakia nyuma tukaenda misheni nikalale. Njia nzima nilikuwa nikiwaza nitakavyosimama mbele ya mama.

Misheni

Watu walikuwa wamejaa chini ya mabati ya shule, mablanketi, kuku, watoto, moshi. Asubuhi bibi mmoja aliyekuwa akigawa uji alinisimamisha. Watu walimwita Bibi Akiiki.

"Mgeni, empaako yako nani?"

"Sijui, bibi. Ni nini hiyo?"

Mwiko ukasimama hewani. Akawageukia wenzake, "Jamani, huyu hana empaako!" Wakasikitika kweli, kama ningesema sina kiatu. Akanieleza. Kule kwa Watoro kila mtu ana jina la pili la heshima na mapenzi, na ndilo watu wanalosalimiana nalo. Ukimwita mtu mzima jina lake la kawaida unaonekana umemgombeza. Hata mke anayeolewa kutoka mbali hupewa lake na mama mkwe, siku ile ile anapoingia mlangoni.

"Hata akitoka Kampala?"

"Hata akitoka mwezini."

Nikamkumbuka Nalongo na vikapu vyake. Margaret amekufa au hajazaliwa. Damu ikanipanda kichwani, na nikapiga kelele, mimi, mbele ya watu mia:

"Bibi! Dada yangu anasuka kawa! Kawa za kufunikia chakula, za ukindu wa rangi, nyekundu na kijani! Ni Mwislamu, Mnubi, mrefu, anacheka na pua!"

Bibi Akiiki akaweka mwiko chini.

"Adyeri," akasema. "Unamtafuta Adyeri."

Alikuwa nyuma ya shule, ameketi, mtoto mgongoni, anasuka kawa kwa nyuzi za magunia kwa sababu ukindu haukuwepo. Aliinua macho.

"Yasini? We! Umekuwa mrefu kama nguzo ya simu! Nani amekupa koti la baba?"

Nikaanguka pale pale miguuni pake. Mtoto akaanza kulia, mimi nalia, Rukia anacheka na pua huku machozi yanamtoka.

Alipotulia akanipiga kofi la bega. "Lakini mbona mmehangaika? Kwani hamkupata ujumbe? Katekista alinipelekea kwa gadi, siku ile ile tulipofika hapa. 'Adyeri na mtoto ni wazima.'"

Nikamkumbuka baba akimjibu Onyango, "Sisi watu wa msikiti!" Nilipomweleza, alifunika uso kwa kawa, sijui alikuwa akicheka au analia. Naye katekista, alipojua kwamba Rukia wangu ndiye Adyeri wa ukurasa wake wa kwanza, alijipiga paji la uso kwa lile daftari.

Ile sukari Rukia aliitia yote kwenye chungu kikubwa cha uji wa watoto. Kilo pungufu ya kikombe, watu mia. Sukari yenyewe ilikuwa kama harufu tu, lakini nawaambia, watoto wale waliramba vikombe mpaka vikang'aa.

Siku ya tatu nikamwambia tuondoke. Akatikisa kichwa. Swaleh alikuwa mmoja wa wale wanane waliochukuliwa kubeba mizigo. Wawili walikuwa wametoroka wakarudi, wakasema walimwona akipanda mlima na cherehani kichwani, anatembea vizuri, anawachekesha wenzake.

"Akishuka atakuja wapi, Yasini? Nyumba hakuna. Akinikosa na hapa, atajua tumekufa. Kama wewe ulivyojua."

"Mama alisema nisirudi bila wewe."

"Mwambie mama mimi ni mke wa mtu, na mtu wangu yuko njiani."

Bibi Akiiki alinisindikiza mpaka langoni, akaniwekea mkono kichwani, akasema siwezi kusafiri nikiwa hivi, uchi wa jina. Tangu siku ile kule mimi ni Apuuli.

Nyumbani

Safari ya kurudi nilisinzia, na sukari ya kukaguliwa haikuwepo. Mama alikuwa amesimama kwenye tangi la maji. Aliona nashuka peke yangu, akatazama mlango wa behewa nyuma yangu. Nikampa ile kawa ya nyuzi za magunia. Aliigeuza, akatazama mshono wa katikati, akaujua mkono wa binti yake.

Usiku ule baba hakula vizuri. Alikuwa akirudia peke yake, "Adyeri. Nilimfukuza Adyeri mlangoni kwangu." Kesho yake mama akaniambia niandike mlangoni kwa ndani majina yote ya kule, ili ujumbe usipotee tena. Hasomi, kwa hiyo akataka kila jina na mstari wake, na kila asubuhi ananiamuru nimsomee huku ameweka kidole. Rukia: Adyeri. Swaleh: Araali. Yasini: Apuuli. Ile rangi ya kijani ya kupakia fremu mliyoitafuta wiki nzima, sasa mnajua ilikokwenda.

Juzi treni ilichelewa kama kawaida. Baba alikuwa chini kwenye mataruma ya reli na genge lake. Onyango akatoa kichwa.

"Mnyapara! Ujumbe wa misheni! Kutoka kwa Adyeri! Anasema, Araali ameshuka! Na cherehani ameshuka nayo!"

Baba akainua mkono kama mtu anayetaka kusema nyumba siyo, kisha mkono ukabaki hapo hapo juu. Mama alitoka na unga mikononi. "Wee mzee! Huyo ni mkwe wako! Mstari wa pili!" Akapiga vigelegele, majirani wakatoka wakampokea bila kujua ni vya nini.

Treni ilikuwa imeanza kuvuta. Onyango akapiga kelele, "Niwajibu nini?" Mama akamtazama baba, baba akanitazama mimi.

Ninyi mliokuwa kibandani mliulizana nani anakimbia relini akipiga makelele, "Mwambie Adyeri, Apuuli amesikia!"

Ni mimi.